Sauti Iliyokwenda Kabwe

Polikarp alikuwa mtu wa herufi. Usidhani alikuwa mwalimu au karani. Ukimpa barua ya mistari mitatu aiandike, atazunguka nayo wiki nzima, na mwisho atakuambia anayeandikiwa amekwisha hama. Herufi zake zilikuwa za kukata. Katika ghala la nafaka pale Sumbawanga, yeye ndiye aliyetengeneza vibao vya chapa. Anachukua karatasi ngumu ya boksi, anachora MAHINDI, anachora RUKWA, anachora DARAJA LA PILI, kisha anazitoboa herufi kwa wembe mpaka yanabaki matundu matupu. Kibao akikipaka nta ya mshumaa kisilowe, kazi yake imekwisha. Mwenzake Basil hukilaza juu ya gunia tupu, akapitisha brashi ya rangi nyeusi, akakiinua, na hapo gunia limeshapata kabila.

Kazi hiyo aliifanya tangu ujana mpaka mvi zikaanza kumchungulia, na sijamsikia mtu aliyempongeza hata mara moja. Nani amewahi kusimama sokoni akasema, jamani, tazameni hii R ilivyokaa? Watu wanatazama mahindi. Mwenyewe alikuwa amezoea. Hakuwa msemaji, na kwenye kilabu cha kimpumu, ile pombe ya ulezi, wenzake waliwahi kuinuka wote wakamfungia mlango bila kukumbuka kwamba alikuwemo.

Kitu kimoja tu ndicho kilichomfanya aonekane, nacho ni kinanda.

Kupiga alijifunzia kijijini kwao Mollo, kwenye kile kinanda cha kukanyaga cha kanisani. Alipohamia mjini akaendelea na kwaya, mpaka Muhidin alipomsikia na kumteka. Muhidin alikuwa wa zile familia za mjini zenye maduka na malori, lakini biashara ilimpita pembeni. Moyo wake ulikuwa kwenye gitaa. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa Upepo Jazz, bendi ambayo jina lake halihitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kukaa Sumbawanga mwezi wa saba. Mwaka fulani lori la ndugu yake lilirudi kutoka upande wa Mbala, kule Zambia, na chini ya turubai kulikuwa na kinanda cha umeme. Kilipitaje mpakani? Hayo msiniulize mimi, muulizeni aliyekuwa zamu.

Kinanda chenyewe kilikuwa na vibonyezo vyeupe na vyeusi kama vya kanisani, ila juu yake kulikuwa na safu ya vijiti vidogo vya kusukuma, vimepangana kama meno ya kitana. Kila kijiti kilikaa kwenye mfereji wake, kikipanda na kushuka. Hiki kinanenepesha sauti, kile kinaikondesha, hiki kinaitetemesha, kile kinaifanya iteleze kutoka chini mpaka juu. Ukivipanga hivi, unapata nyuki ndani ya kopo. Ukivipanga vile, unapata lori linalopanda mlima wa Lyamba lya Mfipa na gunia mia mgongoni. Maandishi yaliyokuwa pembeni yalikuwa yamefutika kwa vidole vya watu waliotangulia, kwa hiyo Polikarp akazipa sauti majina yake mwenyewe. Kulikuwa na Nyuki, kulikuwa na Lori, kulikuwa na Jogoo, kulikuwa na Mlango, maana ililia kama mlango wa stoo. Nyingine aliiita Mzee Adriano, jirani yao aliyekuwa akisemea puani, na nyingine Kengele.

Ya saba aliiita Silvana, na hiyo hakumwambia mtu kwa nini.

Silvana alikuwa mkewe. Lakini tangu binti yao Marsiana alipozaliwa, hakuna aliyemwita hivyo tena, Polikarp akiwa wa kwanza kuacha. Aliitwa Mama Marsiana, naye akamwita mumewe Baba Marsiana, kama ilivyo adabu. Ukimwita Mama Marsiana anakujibu, "Nini tena?" Polikarp hakuwa na ugomvi na jibu hilo, kwa kuwa mara nyingi kulikuwa na kitu tena. Ila alikumbuka enzi za uchumba kule Mollo, alipokuwa akisimama njiani na kuita, "Silvana!" na kutoka katikati ya shamba la maharage msichana asiyeonekana anaitika, "Abeee!" Sauti inaanzia chini, inapanda polepole, na ikifika juu upepo unaitikisa kidogo. Sauti ile alikuja kuikuta kwenye vijiti, jioni moja, kwa bahati tu, na mikono yake ikaacha kupiga kwa muda.

Sasa kasoro ya kinanda kile ilikuwa moja, lakini ni kubwa: hakikuwa na kumbukumbu. Ukishavuruga vijiti kuitafuta Nyuki, Lori imepotea, na ukiitaka tena unaanza upya, kijiti kwa kijiti, sikio likiwa kwenye spika. Wimbo wa Nyuki ukiisha na wimbo wa Lori ukingojewa, ukumbi mzima unakaa kimya ukimtazama Polikarp ameinama kama mtu aliyeangusha sindano.

Siku ya dansi la Pasaka ilikuwa aibu. Kila baada ya wimbo, Muhidin alilazimika kuwapigia watu hadithi kwenye maikrofoni. Alisimulia habari za lori la ndugu yake Abdala lililokwama matopeni, akalikwamua, akalikwamisha tena, mpaka hadithi ikamwishia. Watu wakatoka nje, wakakuta kimpumu, na walio wengi hawakurudi. Wimbo wa mwisho bendi ilivipigia viti.

"Kaka Poli," Muhidin alimwambia wakikunja nyaya, "mimi nakuheshimu. Lakini watu wanakuja dansini kucheza. Hawaji kukutazama unatafuta."

"Natafuta sauti."

"Basi itafute nyumbani, uje nayo."

Polikarp akaendelea kukunja waya. Muhidin akaona aseme yote. Kulikuwa na mfanyabiashara wa dagaa kutoka Kabwe, kule ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, Bwana Saad, aliyepata tarumbeta mbili kutoka ng'ambo ya ziwa. Alikuwa tayari kuzibadilisha kwa kinanda. "Anakuja Saba Saba, dansi la mchana. Anakuja nazo. Kikitokea kimya kimoja tu, kimya cha mtu kukohoa akasikika, kinanda kinapanda lori la Kabwe. Tarumbeta hazitafuti kitu, kaka. Unapuliza tu."

Yalimuuma, na sioni sababu ya kuficha. Aliumwa kama mtu aliyeambiwa mwanawe ahamie kwa watu. Huko kazini hakuna aliyewahi kumuuliza unaonaje, na kwenye kilabu ndiyo kama mlivyosikia; lakini akibonyeza kile kinanda, watu wazima wenye familia zao wanainua miguu. Bila hicho angebaki na R zake.

Wiki ile alikata herufi vibaya mpaka Basil akamuuliza kama anaumwa. Siku moja akiwa anatoboa kile kitundu cha ndani ya R, neno la Muhidin likamrudia. Itafute nyumbani, uje nayo. Akatazama kibao. Akautazama wembe. Kijiti cha kinanda kinatembea kwenye mfereji. Je, ukikata kibao chenye mifereji, mmoja mrefu, mwingine mfupi, kila mmoja unakomea pale kijiti kinapotakiwa kusimama? Unakilaza kibao juu ya vijiti vyote, unavisukuma mpaka vigote, basi. Sauti imekaa. Unakiinua kibao, unapiga. Alichofanyia magunia maisha yake yote, kwa nini asikifanyie kinanda?

Jioni hiyo hakupita kilabuni, alikwenda moja kwa moja nyumbani, kinanda kilikokuwa kikilala. Alikata kibao cha Nyuki, akakilaza, akasukuma, akabonyeza, na Nyuki akalia pale pale. Mama Marsiana akatokeza kichwa kutoka jikoni.

"Nini tena?"

"Sijakuita."

"Mbona unacheka peke yako?"

Alikata vyote saba. Kisha akafanya jambo la pili, ambalo Muhidin alikuja kulisifu zaidi: akazipanga nyimbo upya kufuata ujirani wa sauti. Jogoo na Mlango zilitofautiana vijiti vichache tu, kwa hiyo nyimbo zao zikakaa pamoja. Lori ikakaa baada ya wimbo wa gitaa tupu, Polikarp apate nafasi ya kuhema. Mwisho kabisa akauweka wimbo unaoanza na kinanda peke yake, kwa sauti ya Silvana, kisha ngoma na magitaa yanaingia nyuma. Kwenye mazoezi Muhidin alimaliza wimbo wa kwanza, akageuka kuanza hadithi ya lori la Abdala, akakuta Polikarp keshaanza wimbo wa pili. Akaliwahi gitaa lake.

Mambo yangeishia hapo kama si nta.

Siku mbili kabla ya Saba Saba, Polikarp alivipaka nta vibao vyake saba huko ghalani, pamoja na vibao vipya vya herufi vya msimu, akavitundika vyote kwenye kamba moja. Jioni akavishusha, akavifunga mafurushi mawili kwa katani, moja akaliacha juu ya meza ya Basil, la pili akalibana kwapani. Kesho yake alikuwa na ruhusa. Alikwenda Mollo kumsaidia mama yake kuingiza mahindi ndani. Asubuhi ya Saba Saba akafungua furushi lake avipange vibao kwa mfuatano wa nyimbo. Cha kwanza kilisomeka MAHINDI. Cha pili RUKWA. Cha tatu DARAJA LA PILI.

Alikwenda ghalani mbio, shati halijafungwa. Basil ndiye aliyekuwa zamu ya ulinzi siku hiyo ya sikukuu, amejifunika blanketi, anaota jua.

"Ndugu Basil, vile vibao nilivyoacha..."

"Alama mpya!" Basil akasimama kwa fahari. "Nimezipiga zote jana. Mkono umevimba, lakini zimekaa."

"Umezipiga wapi?"

"Kwenye magunia, ningezipiga wapi?"

Polikarp akaketi juu ya mzani. "Hukushangaa? Hazina hata herufi moja."

"Nishangae nini, ndugu yangu?" Basil akashusha sauti na kutazama kulia na kushoto. Huo ulikuwa mwaka themanini na tatu, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, na watu walikuwa wakitazama kulia na kushoto hata wakinunua sabuni. "Kila msimu kunakuja agizo jipya. Nikiuliza naambiwa napinga maendeleo. Nikajua tu, hizi ni alama za siri za kuwanasa walanguzi. Mlanguzi anasoma herufi, lakini mistari hii ataisomaje?"

"Na meneja je?"

"Meneja Fransisko alipita hapa na mkubwa mmoja wa mkoa. Mkubwa akazitazama sana, akauliza, 'Ndizo hizi?' Meneja akanitazama mimi. Mimi nikatazama chini. Meneja akasema, 'Ndizo.' Mkubwa akasema, 'Safi sana, endeleeni.' Walipoondoka, meneja akarudi akavifungia vibao ofisini, maana ni vitu nyeti."

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa meneja, na meneja alikuwa kwenye maandamano ya sikukuu. Na hata angekuwepo, Polikarp angemwambia nini? Kwamba mkubwa wa mkoa amesifia sauti ya jogoo? Watu walikuwa wakiwekwa ndani kwa kukutwa na debe la mafuta ya kula. Yeye alikuwa na ghala zima la magunia yaliyopigwa muziki.

Akainuka akaenda barazani kuyaangalia. Yalikuwa yamelazwa mafungu mafungu, matupu, rangi imekauka: hapa Nyuki, pale Lori, pale Mzee Adriano. Basil alikuwa amegawa kila gari alama yake ili madereva wasigombane. Na alikuwa amezipiga vizuri, mistari imenyooka, kila mmoja umekomea panapostahili. Polikarp, pamoja na hofu yote, alisimama akaifurahia kazi.

Halafu akaona mafungu ni sita.

"Na lile jingine?"

"La Kabwe? Hilo lilijazwa jana hiyo hiyo. Lori limeondoka alfajiri."

Kuyachukua magunia hakuthubutu. Gunia la umma likionekana mtaani, hata tupu, lingetosha kumfunga. Lakini alama zilikuwa pale, na ghalani shazia hazikosekani, zile sindano kubwa za kushonea magunia. Ukililaza gunia juu ya karatasi ya boksi na kuchoma shazia kuzunguka kila mstari, ncha inapenya katani bila kuiharibu na kuacha alama chini. Kilichokosekana ni boksi. Kwa mwaka ule, boksi zima lilikuwa adimu kama sukari iliyokuwa ikiletwa ndani yake. Ghalani yalikuwa yamekwisha, dukani kwa kina Muhidin walinzi walikuwa wakiyalalia. Polikarp alilijua boksi moja tu, na alijua yumo nani.

"Mama Marsiana," alisema akihema mlangoni kwake, "naliomba boksi la kuku."

"Nini tena?"

"Boksi la kuku."

"Kuku ameatamia."

"Najua."

Mama Marsiana aliweka mwiko chini. Alikuwa mwanamke wa maneno, na maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Lakini alimtazama mumewe usoni, akaona kitu ambacho hakukiona tangu siku walipomwoza Marsiana, akayameza. Akamtoa kuku, ambaye hakukubali na aliuambia hivyo mtaa mzima. Akayahamishia mayai kwenye sufuria pana lenye majani makavu, akamrudisha kuku juu yake.

"Yasipoangua, wewe ndiye utakayeyalalia," alisema, akalibeba boksi kichwani wakaenda wote.

Walikaa barazani pa ghala, Basil akilinda kama kawaida, yaani akitazama upande mwingine. Mama Marsiana akachoma shazia, Polikarp akakata kwa wembe. Mkewe alikuwa na mkono mwepesi kuliko Polikarp alivyotegemea.

"Huyu ni nani?"

"Mzee Adriano."

Akacheka mpaka akachoma nje ya mstari. Walipomaliza la sita, akanyoosha mkono. "Lete la saba."

"La saba limekwenda Kabwe."

"Linaitwaje?"

Polikarp akawa anafuta wembe ambao haukuwa na uchafu. "Ni ile ya wimbo wa mwisho."

"Nimeuliza linaitwaje, Baba Marsiana."

"Silvana."

Mkewe aliweka shazia chini. "Yaani mimi nimepigwa chapa kwenye magunia ya serikali?"

"Sikukusudia."

"Na nimekwenda Kabwe?"

"Alfajiri."

"Wewe! Tangu uchumba unaniambia utanipeleka Kabwe nikaone ziwa. Leo nimekwenda peke yangu, tena nimejazwa mahindi!" Basil, akitazama upande mwingine, alikuwa akitetemeka mabega. Mama Marsiana akasimama, akakung'uta kanga yake. Akauliza kwa sauti ya chini kidogo, "Na hiyo sauti yangu ikoje?"

"Sijui kuisema," Polikarp akajibu, na ilikuwa kweli.

Dansi lilianza saa nane, ukumbi umejaa mpaka madirishani, nje upepo unapiga mabati. Bwana Saad wa Kabwe alikuwa amesimama ukutani, mtu mnene mwenye kofia safi, na chini ya mkono wake kulikuwa na vitu viwili vimefungwa kwenye kitenge. Meneja Fransisko naye alikuwepo, anacheza na mkewe, ufunguo wa ofisi ukicheza nao mfukoni.

Wimbo wa kwanza Nyuki, wa pili Jogoo. Kibao chini, vijiti vikigota, kibao juu, wimbo. Watu hawakupata hata nafasi ya kufuta jasho. Mlango ikaingia kabla vumbi la Jogoo halijatua. Mzee Adriano alipolia, yule mzee mwenyewe, aliyekuwa dirishani, aliuliza kwa sauti ya puani nani anamwigiza. Muhidin alikuwa akicheza huku akipiga, kitu ambacho hakufanya tangu alipooa. Bwana Saad alianza kukihamisha kifurushi chake kutoka mkono huu kwenda ule.

Kisha Muhidin akasogea kwenye maikrofoni. Alikuwa na furaha, hakujua lolote kuhusu magunia yaliyokwenda Kabwe, maana Polikarp hakuwa amemwambia. "Na sasa, ndugu wananchi, wimbo wa mwisho! Unaanza na kaka Poli peke yake. Kaka Poli, weka Silvana!"

Polikarp akaweka mikono juu ya vijiti.

Aliujaribu mtetemo kwanza, ukawa mwingi. Akaupunguza, sauti ikawa nyembamba kama ya mbu. Akajaribu ule mtelezo, ukapanda haraka mno. Alijua iko wapi, alikuwa ameikata kwa mkono wake mwenyewe, lakini kadiri alivyoitafuta ndivyo ilivyozidi kukimbia, na sauti pekee aliyokuwa akiisikia kichwani ni ya mkewe wa sasa, "Nini tena? Nini tena?" Muhidin akageuka, uso umebadilika. Watu wakasimama. Ukumbi ukatulia, upepo ukasikika kwenye mabati.

Bwana Saad akakohoa. Alikohoa polepole na kwa adabu, na kila mtu alimsikia.

Polikarp aliinua uso. Alimwona mkewe katikati ya watu, amevaa kanga yake ya sikukuu. Alikuwa ameshika mdomo kwa mkono, kama mtu anayemtazama mwenzake akiteleza. Na hapo mtu huyu asiyesema, mtu anayesahaulika kilabuni, akainama akaivuta maikrofoni ya Muhidin, akaita kama alivyokuwa akiita njiani kule Mollo.

"Silvana!"

Mwanamke akisikia jina lake la usichana ghafla, hana muda wa kukumbuka kwamba ana mkwe. Mkono ukamtoka mdomoni.

"Abeee!"

Ilianzia chini, ikapanda, na juu kabisa ikatikisika. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Polikarp hakucheka. Mkono wake ulikuwa umeshakimbilia kijiti cha mtelezo. Akabonyeza. Karibu, lakini bado. Akaita tena, "Silvana!"

"Abeee!" Safari hii alitaka kuitika kwa hasira, akashindwa, akaitika vizuri zaidi.

Kijiti cha mtetemo kikashuka kidogo. Mara ya tatu hakuita yeye, waliita watu wote, wanaume kwa wanawake, hata meneja, hata Mzee Adriano kwa pua yake dirishani: "Silvanaaa!" Naye akatupa mkono hewani, akaitika mpaka walioko nje wakasikia, na kabla hajamaliza kuitika, kinanda kikaitika naye. Sauti mbili, moja ya mtu na moja ya umeme, na aliyekuwepo siku ile atakuapia kwamba hakujua ipi ni ipi. Mpiga ngoma hakungoja kuambiwa. Wimbo ukaingia.

Wimbo ulipokwisha, Bwana Saad alimfuata Muhidin na kitenge chake.

"Vipi," akauliza, "tunabadilishana?"

"Ulisikia kimya, Bwana Saad?"

"Nilikohoa nikasikika."

"Ulikohoa, ndiyo," Muhidin akasema, "lakini kulikuwa na kimya?"

Bwana Saad akafikiri. Alikuwa mtu wa haki, na yeye mwenyewe alikuwa ameita Silvana mpaka koo likamkauka. Akarudi Kabwe na tarumbeta zake.

Nisije nikasahau ya ghalani. Polikarp alikwenda kazini kesho yake akiwa amemuaga mkewe kabisa, lakini hakukamatwa. Kwa kuwa mkubwa alishasema safi sana, hapakuwa na mtu wa kuthubutu kusema zile alama ni za nini, na kwa kuwa hapakuwa na wa kuthubutu, ziliendelea. Meneja Fransisko alimwita ofisini, akafunga mlango, akampa vile vibao saba na kumwamuru akate nakala za msimu ujao. "Ni siri," alimwambia. Polikarp akasema ameelewa. Kwa muda mrefu mahindi ya Ufipa yalisafiri na Nyuki na Jogoo mgongoni, na walanguzi, kama Basil alivyopenda kusema, hawakuweza kuzisoma. Kibao cha Silvana alikirudisha nyumbani, lakini dansini hakikutumika tena. Watu hawakukubali. Walitaka aitwe.

Jioni ile ya Saba Saba, dansi lilipokwisha, walirudi nyumbani kwa miguu, jua linaingia, baridi imeshaanza kuuma masikio. Mkewe alikuwa ametangulia hatua chache, kanga imemfunika kichwa. Polikarp alitaka kumwambia kwamba lori la kesho kutwa la Kabwe lina nafasi mbele, kwamba ameshamwomba dereva, na kwamba kuku atalindwa na Basil.

"Mama Marsiana," akaita.

Hakugeuka. Pengine upepo.

"Mama Marsiana!"

Akaendelea kutembea, ila alipunguza mwendo. Polikarp akasimama. Watu waliokuwa wakitoka dansini waliwapita huku na huku, na wengine walikuwa wakimtazama. Aliona haya kidogo, kwa kuwa hakuwa na maikrofoni wala kinanda cha kusimama nyuma yake.

"Silvana," akaita.

"Abee," akaitika, akasimama kumngoja.